Namna ya Kutengeneza Kisanduku cha Kalamu chenye Njumu ya Fedha

Neno dawati leo tunalitumia kwa meza ya mwanafunzi, lakini hapo zamani liliitwa dawati hata lile sanduku dogo la kuwekea kalamu na wino, na kwa Kiarabu dawat ni chombo cha wino na kalamu mpaka sasa. Mwongozo huu unahusu dawati la namna hiyo ya kale: kisanduku chembamba cha shaba ya njano, chenye maandishi ya fedha yaliyopachikwa ndani ya mwili wa shaba yenyewe, kazi iitwayo njumu, kama vile vilivyofanywa Herat, Mosul, Damascus na Cairo kuanzia karne ya 12. Kazi hii naifanya Moshi, katika karakana ndogo ya Majengo, na naiandika kwa ajili ya vijana wanaojifunza usonara na wanafunzi wa khati, yaani uandishi wa ustadi wa herufi za Kiarabu, wa Moshi na Arusha ambao wamekuwa wakiniuliza fedha inashikaje bila gundi. Jibu lake ni fupi na kazi yake ni ndefu: fedha inashikwa na umbo la mfereji uliochimbwa, mfereji wenye mdomo mwembamba na tumbo pana kama mtungi, na mtu asiyeweza kuchimba mfereji wa aina hiyo hata akinunua fedha bora kuliko zote hatapata njumu itakayodumu.

Kabla ya kushika nyundo, tafuta picha kubwa za vyombo vya kale, kwa kuwa makumbusho makubwa yameziweka wazi kwenye mtandao na simu ya kawaida inatosha kuzikuza. Anza na kisanduku kilichoko Freer Gallery of Art mjini Washington, kilichotengenezwa na fundi Shadhi mwaka 607 wa Hijria, yaani 1210 au 1211, kwa ajili ya waziri Majd al-Mulk al-Muzaffar wa utawala wa Khwarazm. Kisha tazama kile cha Mahmud ibn Sunqur cha mwaka 1281 kilichoko British Museum, chenye dhahabu na fedha na alama za nyota na buruji. Lakini usiishie kwenye vile vilivyobaki vizima. Vyombo vinavyofundisha zaidi ni vile vilivyopoteza fedha yake, kwa sababu pale ilipobanduka utaiona kazi ya tindo iliyokuwa imefichwa: kingo zilizoinuliwa, sakafu iliyokwaruzwa ili fedha ipate pa kung'ang'ania, na katika kazi nyingi za Khurasan, eneo la mashariki ya Uajemi ya kale lililokuwa na mji wa Herat, vidoto vilivyogongwa kwa kufuatana kandokando ya mstari ili kuubana waya. Mimi nilijifunza mengi kwa kuyatazama makovu hayo kuliko kwa kutazama uzuri.

Vipimo vya kisanduku vinaanzia kwenye kalamu. Imepokewa kutoka kwa Ibn Muqla, mwandishi wa Baghdad aliyefariki mwaka 940 na aliyeziwekea herufi kipimo cha nukta, kwamba kalamu nzuri ina urefu wa vidole 12 hadi 16, vidole vikipimwa kwa upana wake. Kwa mkono wa mtu mzima hiyo ni kama sentimita 23 hadi 30. Sisi tunakata matete yetu kandokando ya mifereji ya mashamba ya mpunga, upande wa Mabogini, yakiwa yamekomaa na kuanza kuwa na rangi ya kahawia, na tunayaacha kivulini wiki kadhaa kabla ya kuyachonga. Chonga kalamu tatu au nne kwanza, za upana tofauti wa ncha, zilaze mezani pamoja na kisu kidogo cha kuchongea, ndipo upime. Kwa kalamu za sentimita 23, kisanduku cha ndani chenye urefu wa sentimita 29, upana wa sentimita 6 na kina cha sentimita 4 kinatosha, kwa kuwa sentimita 5 za mwisho zitachukuliwa na kidau cha wino. Mafundi wa Khurasan na Mosul walipenda ncha za mviringo, na wale wa zama za Wamamluki, watawala wa Misri na Sham (Syria), walitengeneza pia visanduku vya pembe nne zilizonyooka. Anayeanza achague pembe nne, kwa kuwa kukunja bamba kwa mviringo bila kulipinda ni elimu ya pekee.

Kwa mwili wa kisanduku tumia bamba la shaba ya njano la milimita 1, na kwa kifuniko, ambacho ndicho kitakachobeba njumu, tumia bamba la milimita 2. Bamba jembamba kuliko hilo litatoboka unapochimba au litavimba upande wa pili. Shaba chakavu inapatikana kwa wauza vyuma wa Unga Limited kule Arusha, lakini uikwaruze kwa tupa kabla ya kulipa, maana vitu vingi vyenye rangi ya shaba ni chuma kilichopakwa tu. Kata, kunja, na unga pembe kwa lihamu ya fedha na boraksi, chumvi inayosaidia lihamu kutiririka, kisha weka bawaba na kifungio, na uhakikishe kifuniko kinafunga sawasawa. Kazi zote za moto mkali zimalizike hapa. Bamba likishatiwa njumu halirudi tena kwenye moto wa kulehemu, kwa sababu moto huo hulegeza kila kilichobanwa. Unapopasha shaba fanyia nje penye hewa, na ukiona moshi mweupe unaoacha unga mweupe juu ya bamba, ujue moto umezidi na zinki iliyomo ndani inaungua. Ondoa moto na ukae mbali, moshi huo unadhuru.

Fedha inunuliwe kwa sonara, na iwe fedha safi kabisa, ile inayoandikwa 999. Fedha ya 925 inayofanyiwa pete na mikufu imechanganywa na shaba nyekundu, ni ngumu, na haitambai chini ya kingo unapoigonga. Mwombe sonara akuvutie waya wa milimita 0.8 na akufulie bamba la milimita 0.5. Kwa kuwa utalipa kwa uzito, ni vizuri ujue hesabu mapema: mita moja ya waya huo ina gramu 5 na ushei, na bamba la sentimita 10 za mraba nalo lina karibu uzito huohuo. Kifuniko cha kwanza kisitumie zaidi ya hapo. Lainisha fedha kwa kuipasha kivulini mpaka iwe nyekundu hafifu, kisha itie majini. Ikishagongwa na kuwa ngumu, irudishe motoni tena.

Sasa maneno. Visanduku hivi na vyombo vingine vya wakati ule viliandikwa zaidi dua za kumtakia heri mwenye chombo, pamoja na jina na vyeo vyake akiwa mtu mkubwa, na mimi nashauri tuufuate utaratibu huo, kwa sababu kisanduku hiki kitawekwa mezani, kitashikwa kwa mikono yenye wino na pengine kitaanguka chini, na aya za Qur'ani hazistahili hali hiyo. Msomaji wa Kiswahili akisomewa dua hizo ataona kwamba nusu yake anaijua tangu utotoni. Al-izz, ambayo kwetu imekuwa enzi; al-dawla, dola; al-salama, salama; al-afiya, afya; al-baqa, lenye asili moja na kubaki kwetu; na mwisho li-sahibihi, yaani kwa mwenye chombo hiki. Maneno manne yanatosha kifuniko cha sentimita 30. Usiyaandike mwenyewe kama mkono wako haujakomaa. Mpelekee mwalimu wa khati karatasi yenye mistari miwili iliyoachana sentimita 2 na nusu, naye ataandika kwa kalamu ya ncha ya milimita 2, kwa kuwa katika thuluth, mtindo mmoja wa khati, herufi alifu hupimwa kwa nukta 7 za kalamu hiyo na kwa ncha hiyo itafika karibu sentimita 2. Kosa la herufi kwenye karatasi linafutika, lakini kwenye shaba litakaa miaka mingi likisomwa na kila mgeni.

Hamisha maandishi kwa kupaka bamba chokaa laini iliyochanganywa na gundi kidogo, ikauke, kisha uweke karatasi ya kaboni chini ya maandishi na upitishe kalamu ya risasi juu yake. Halafu fuata kila mstari kwa sindano ya chuma mpaka uingie kwenye shaba, ndipo uoshe chokaa.

Tindo hazinunuliwi dukani, unazitengeneza. Nne zinatosha: moja yenye ncha ya V ya kufungulia mfereji, moja bapa ya milimita 2 ya kuchimbia sakafu, moja nyembamba iliyonolewa upande mmoja tu ya kupanulia tumbo la mfereji, na moja butu iliyolainishwa sana ya kurudishia kingo. Tupa chakavu ni chuma kizuri kwa kazi hii, na kama huna mahali pa kukifua, wapelekee wahunzi wa Mamba, upande wa Marangu, kwani uhunzi ni kazi ya asili ya watu wa huko, na mhunzi atakuelewa ukimwonyesha mchoro. Ncha ipashwe mpaka iwe nyekundu kama damu mbichi, izamishwe kwenye mafuta, isuguliwe ing'ae, kisha ipashwe polepole kutokea nyuma mpaka rangi ya asali ifike kwenye ncha, hapo izamishwe tena. Ukiipita rangi hiyo ikawa ya buluu, tindo itakunjika. Usipoifikia, itakatika na kipande kitaruka. Vaa miwani.

Bamba la kifuniko lazima lilale juu ya kitu kinacholishika lote bila kuliumiza, na kitu hicho ni utomvu. Yeyusha utomvu ulioganda wa msonobari kwa moto mdogo, nje ya nyumba, uchanganye na vumbi la tofali lililochekechwa kwa vipimo sawa, kisha uongeze mafuta ya ng'ombe kidogo kidogo. Mchanganyiko ni mzuri kama ukiubonyeza kwa ukucha baada ya kupoa unaacha alama hafifu. Hapa Moshi miezi ya Juni na Julai nautia mafuta zaidi kidogo, kwa kuwa baridi huufanya upasuke kama kigae. Mwaga kwenye kisanduku cha mbao, pasha bamba kidogo, lilaze juu yake na uache mpaka asubuhi.

Tufike kwenye kuchimba, ambako ndiko kwenye kazi. Mistari myembamba, kama mikia ya herufi na mpaka wa kuzunguka kifuniko, hutiwa waya; matumbo mapana ya herufi hutiwa bamba. Anza na mpaka, kwa sababu mstari ulionyooka ndio mwalimu mpole. Shika tindo ya V kwa mshazari, nyundo ya gramu 100 mkono wa pili, na ugonge mapigo mepesi ya haraka, tindo ikisogea nusu milimita kwa kila pigo, mpaka uwe na mfereji wa kina cha milimita 0.5. Sasa chukua ile iliyonolewa upande mmoja, iingize mferejini, ilaze kuelekea nje na ugonge ukutani mwa mfereji, chini kabisa, upande wa kulia kwa urefu wote, kisha upande wa kushoto. Hapo ndipo mtungi unapopatikana. Mapigo haya yatainua kingo kidogo juu ya uso wa bamba, na huo ndio wema wake, maana kingo hizo zilizoinuka ndizo zitakazolala juu ya fedha baadaye. Usizipige tupa.

Pima kazi kwa sindano iliyopindwa ncha. Iingize mferejini, iegemeze ukutani na uivute juu: ikikwama chini ya kingo, mfereji una tumbo, ikitoka bila kukwama, rudia. Pima kila sentimita moja, usiridhike na mwanzo na mwisho. Kisha laza waya uliolainishwa, uanzie katikati na si kwenye kona, na uugonge kwa nyundo yenye uso uliong'arishwa. Utaona kwa macho waya wa mviringo ukibonyea, ukijaa, ukisukuma pande zote, na sauti ya nyundo itabadilika. Mwanzoni inalia wazi, kama kugonga kitu kilicholegea. Fedha ikishajaa tumbo inakuwa fupi na nzito, kana kwamba unagonga shaba tupu. Isikilize sauti hiyo. Mzee aliyenifundisha usonara alikuwa akigeuza uso pembeni wakati mimi nagonga, akaniambia niendelee au niache kwa kusikia tu.

Bamba linahitaji uangalifu zaidi. Zungushia umbo la herufi mfereji wenye tumbo kama ulivyofanya kwa waya, lakini upande wa nje pekee ndio uchimbwe kwa kuingia ndani, kisha uondoe shaba yote ya katikati kwa tindo bapa mpaka sakafu iwe na kina cha milimita 0.4. Kwaruza sakafu kwa mistari ya kukatizana. Kata kipande cha fedha kwa kufuata umbo, kikubwa kuliko mdomo kwa upana wa unywele tu, na ukibonyeze kwa chini juu ya mbao laini ili kipate mgongo kama wa kobe. Kikilala mahali pake kingo zake zitaingia mdomoni na mgongo utabaki juu. Ukiugonga kuanzia katikati kuelekea nje, mgongo unashuka, fedha inakosa pa kwenda isipokuwa chini ya kingo za shaba, na hapo inakwama. Malizia kwa tindo butu, ukizilaza kingo zilizoinuka juu ya fedha pande zote.

Kisanduku changu cha kwanza nilikitengeneza kwa pupa. Nilichimba mifereji yenye kuta zilizonyooka, nikagonga fedha kwa nguvu, ikaonekana nzuri, nikaipiga msasa na kumkabidhi mwenyewe. Baada ya msimu mmoja wa jua kali na usiku wa baridi herufi ya kwanza ilinyanyuka pembeni, kisha ya pili, na siku moja herufi lamu nzima ya neno al-dawla ikakwama kwenye kanzu yake na kutoka. Nilikifungua upya, nikachimba matumbo ambayo nilipaswa kuyachimba tangu awali, na tangu siku hiyo sigongi fedha kabla ya kupitisha sindano. Fedha iliyobandikwa kwa nguvu tu inaonekana sawa na iliyoshikwa, kwa macho ya mnunuzi, kwa muda wa miezi kadhaa. Ndiyo maana jambo hili linabaki kuwa amana ya fundi.

Fedha yote ikishaingia, sawazisha uso kwa tupa laini, halafu msasa wa 400, wa 800 na wa 1200, ukiulowesha maji na kuuviringisha kwenye kipande cha mbao bapa. Kisha shusha ardhi ya katikati ya herufi kwa milimita 0.2 kwa tindo bapa, bila kugusa kingo zinazobana fedha, na uijaze mchanganyiko mweusi wa lami na masizi uliopashwa ukawa kama asali. Mafundi wa kale walijaza weusi wa namna hiyo, na ukiutazama utaelewa sababu: fedha na shaba ya njano hukaribiana sana mwangani, na bila weusi maandishi hayasomeki kutoka upande wa pili wa meza. Pasha bamba kwa taa kutokea chini, polepole, kiasi cha lami kulainika tu. Ikipoa, futa ya ziada kwa kitambaa chenye mafuta ya taa.

Kidau cha wino kiwe cha kutoka, ili kioshwe. Kikombe kidogo cha kioo ndani ya fremu ya shaba kinafaa kuliko shaba tupu, hasa kwa wanaotumia wino wa chumvi ya chuma, ambao una asidi na utaila shaba. Wino wa masizi na gundi ya mgunga hauna madhara hayo. Ndani ya kidau weka bonge la nyuzi mbichi za hariri, liitwalo liqa, lililoloweshwa wino. Bonge hilo linazuia wino kumwagika kisanduku kikiinama na linaipa kalamu wino wa kiasi, na pia linailinda ncha ya tete isigonge kioo. Libadilishwe likianza kunuka. Al-Qalqashandi, mwandishi wa ofisi za serikali ya Misri aliyefariki mwaka 1418, aliorodhesha zana 17 za mwandishi zenye majina yanayoanza na herufi mimu, kuanzia kisu na ubao wa kukatia ncha hadi kifaa cha kukorogea wino. Sisi tutosheke na kalamu, kisu, kibao cha kukatia na kitambaa cha kufutia.

Mwambie mwenye kisanduku asikisugue kwa dawa za kung'arishia vyombo, kwa kuwa husaga kingo na kuchukua weusi. Kitambaa laini kikavu kinatosha, na fedha ikiwa nyeusi, chaki ya unga yenye maji kidogo. Al-Maqrizi, mwanahistoria wa Misri, aliandika mwanzoni mwa karne ya 15 kwamba soko la mafundi wa njumu la Cairo lilikuwa limebaki na watu wachache, na kwamba wako waliokuwa wakinunua vyombo vya zamani ili kuibandua fedha na kuiuza. Kwa hiyo ukiletewa chombo cha kale chenye njumu na ukaombwa kupima fedha yake, kitengeneze au kirudishe kilivyo.

Mwisho weka jina lako. Ndoo mashuhuri ya Herat ya mwaka 1163, iliyoko makumbusho ya Hermitage nchini Urusi, ina majina ya mafundi wawili, aliyeimimina shaba na aliyeitia nakshi, kila mmoja kwa kazi yake. Fanya vivyo hivyo: chini ya kifungio, mahali panapoonekana kifuniko kikiwa wazi, andika kwa waya mwembamba jina la aliyeandika khati, jina lako uliyetia njumu, na mwaka.